Jeraha Nililolijua kwa Masikio

Mwanangu Kemunto,

Kuna sauti moja ambayo imekataa kunitoka. Ni sauti ya kitambaa kikavu kikibanduliwa kwenye jeraha. Si kubwa, mtu anayepita njiani asingeisikia. Ni kama gunia linalochanwa polepole katika chumba cha pili na mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba ya babu yako, sokoro kama unavyomwita, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa udongo, na wewe ulikuwa ndani naye. Baada ya sauti ile nilingoja kilio. Hakikuja. Yeye hakulia, na wewe hukulia.

"Umemaliza?" nikauliza.

"Bado, Mama. Kimeshika."

Halafu sauti ikaanza tena.

Jioni hii uko kule kule, katika nyumba ile ile, unamuaga, na ninachosikia kutoka hapa mezani ni kicheko chenu. Sijui mnacheka nini. Nimewasha taa kabla giza halijaingia kwa sababu mikono yangu imekosa kazi. Sanduku lako la bati la shule nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena, wala sikuwa natafuta kitu. Mambo ya sabuni na blanketi na jinsi ya kuishi na wasichana wa watu tumeyasema mpaka yamechuja, na shangazi yako atayasema tena kesho njiani. Mimi sitayaandika. Nataka kuandika yale ambayo nikijaribu kuyasema unageuza uso, nami napata kisingizio cha kwenda kutazama sufuria.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi nyumbani tunaitumia na wageni tu. Nilianza kwa Ekegusii. Nilipofika mahali pa kutaja paja la baba mkwe wangu kalamu ilisimama, nikaona haya peke yangu hapa mezani kama mwizi aliyemulikwa. Kwa Kiswahili neno hilo linaandikika. Linakuwa kama paja la mtu wa nchi nyingine.

Ulikuwa shuleni siku alipoumia, na habari yenyewe umeipata vipande vipande, kwa hiyo ngoja niipange. Mashamba ya wazungu yalipogawiwa kule Nyansiongo, sokoro alipata kipande, na kila alipopata nafasi alikwenda kung'oa seng'enge za zamani ili aje azungushie ng'ombe hapa nyumbani. Waya uliovutwa miaka mingi, ukiukata bila kuushikilia, unaruka. Uliruka ukampasua paja la kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya goti. Wanaume waliokuwa naye walichuma machipukizi ya omosocho, ule mti ambao majani yake huzeeka yakawa rangi ya chungwa, wakakamulia utomvu wake pale palipopasuka, damu ikakoma. Hawakukosea. Kosa lilianza pale kila mtu alipodhani damu ikikoma kazi imekwisha. Chini ya utomvu ule kulikuwa na kutu na udongo wa zizi, na jeraha likafunga mlango uchafu ukiwa ndani.

Walimpeleka hospitali kubwa. Walilifungua, wakalisafisha, wakamwambia waziwazi kwamba lisipooshwa na kufungwa vizuri kwa muda mrefu, mguu hautaokoka. Alikaa mpaka asubuhi ambayo muuguzi msichana, wa rika la wake wa wanawe, aliinua shuka. Sokoro aliomba nguo zake kwa upole, akasema anakwenda kuota jua, akaota jua mpaka hapa kwetu Ikonge.

"Mguu wakiukata nitabaki na mwingine," alisema alipofika uani, ametegemea fimbo, jasho linamtoka. "Heshima yangu wakiikata nitabaki na nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko na sare yangu ya uuguzi bado mwilini. Nilijua la kufanya, na hilo ndilo lililonitesa. Kwenye zahanati watu wasionijua walikuwa wakinipa miguu yao, maziwa yenye majipu, migongo iliyounguzwa na uji, nami nikaosha kila kilicholetwa. Lakini mzee huyu alikuwa baba wa mume wangu. Kati yangu naye kulikuwa na chinsoni, ile heshima yenye haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mkwe na mkwe. Siwezi kumpa mkono. Siwezi kuingia chumba anacholala. Baba yako naye, hata kama asingekuwa kazini Kericho, asingeweza kulitazama paja la babake. Nyanya yako, mke wake, alikuwa amekwisha kufariki. Waliobaki ni wajukuu, maana mjukuu na babu hawaoneani haya: mjukuu humwita babu mume wake, humcheka mapengo, hulala kwenye blanketi lake. Makori mdogo wako alikuwa bado anaogopa hata kuku. Mjukuu aliyeweza kushika mkasi ulikuwa wewe.

Sikukuomba. Nilikutuma, kama unavyotumwa kuchota maji.

Nilikuketisha jikoni, nikajifunua mguu, nikakufundisha kufunga bendeji juu ya paja langu mwenyewe. Unajua mimi hutumia mkono wa kushoto. Walimu walinichapa vidole mpaka wakachoka wao, mkono haukuhama. Mafundo yangu huangukia kushoto. Ulicheka, ukasema, "Mama, fundo lako linatoroka." Lako ulilifunga kulia, bapa, zuri, halimchomi mgonjwa akigeuka. Nilijivuna. Nilikwenda kazini kesho yake nikawaambia wenzangu. Nilikuwa nimetazama fundo sana. Uso wa aliyelifunga sikuutazama.

Hivyo tukaanza. Wewe ndani na karai, mimi nje chini ya lile dirisha dogo, nikitoa amri kwa ukuta. Siku za kwanza nilileta spiriti. Nilikuwa na imani na spiriti. Kitu kinachouma vile, niliwaza, lazima kiwe kinafanya kazi.

"Mke wangu," nilimsikia sokoro akikuambia, "mwambie mama yako dawa yake inang'ata kuliko ule waya."

"Mwambie sokoro avumilie," nikasema.

"Mwambie omogaka uko pale nyuma ya ghala, bure, na haung'ati." Alikuwa anautaja mshubiri, ule mmea wa majani manene yenye miiba pembeni.

"Mwambie sokoro majani hayajachemshwa, hatujui yamebeba nini."

"Mwambie na yeye alizaliwa akapokewa juu ya majani."

"Ambianeni wenyewe!" ukapiga kelele. "Mnasikiana!"

Tulinyamaza wote wawili kama watoto waliogombezwa. Kisha sokoro akaanza kucheka, nami huku nje nikaziba mdomo kwa leso. Ninaikumbuka siku hiyo kama siku njema. Ninashuku kwamba wewe unaikumbuka kwa namna nyingine. Ulikuwa umeshika shashi yenye usaha mkononi, na watu wazima wawili walikuwa wakipitishia ugomvi wao juu ya kichwa chako.

Siku moja ukaniambia kwa furaha, "Mama, limekuwa jeupe lote."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilijichorea picha: usaha umekwisha, nyama imetakata. Nikakuambia uendelee na spiriti. Zikapita siku nyingi kabla sijauliza swali ambalo hata mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza angeuliza.

"Jeupe kama nini?"

Ulifikiri. "Kama kidole kikikaa sana majini."

Niliketi chini pale pale kwenye matope. Ile haikuwa nyama safi, ilikuwa nyama inayokufa. Kila ilipojaribu kuchipuka mpya, spiriti yangu iliiunguza, na wewe ulikuwa unaimwaga kwa sababu mama yako mwenye cheti amesema. Kwenye zahanati ningeliona kosa hilo kwa kutupa jicho mara moja. Nyumbani nilikuwa natibu kwa masikio, na masikio husikia yale yanayoyataka.

Spiriti nikaimwaga. Tukahamia kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, na tukapata lugha yetu, mimi nawe: kama nini? Harufu kama nini? "Kama maziwa yaliyolala." Majimaji yake kama nini? "Kama uji wa wimbi ukiwekwa maji mengi." Na asubuhi moja, bila hata kuulizwa, ukasema limekuwa jekundu kama ndani ya mdomo wa Makori akilia. Hapo nikajua nyama mpya imekuja. Sijawahi kusikia daktari akitoa habari ya jeraha vizuri namna ile.

Mshubiri niliukubali baadaye, kwa shingo upande, na hata huo niliuharibu. Nilikuambia upasue jani ubandike, basi. Ngozi ya kandokando ikawaka, ikawasha, sokoro akakuna usiku kucha. Ndipo akasema kupitia dirishani, safari hii bila kukutuma wewe, "Jani hilo husimamishwa kwanza, kichwa chini, litoe machozi yake ya manjano. Machozi ndiyo yanayowasha. Ute mweupe ndio unaopoza." Nikamuuliza mbona hakusema mapema. "Hukuuliza. Ulikuwa unaamuru." Lakini usidhani yeye alikuwa na majibu yote. Alitaka pia tumpake majivu na samadi mbichi, kama alivyopakwa babake, na hapo nilikataa, nikaendelea kukataa, akaninunia mpaka siku ya sabato ikapita. Hilo sijalijutia. Ukienda huko utakutana na watu wanaodharau kila jani, na wengine wanaoamini kila jani kwa sababu tu bibi alilitumia. Nimekuwa wa kwanza, na kwa muda mfupi, kwa sababu ya aibu, nikataka kuwa wa pili. Yote mawili yaliniondolea kazi ya kulitazama jeraha lenyewe.

Sasa nirudi kwenye ile sauti. Nyama mpya ilipoanza kuota iliingia ndani ya nyuzi za shashi, na kila shashi ilipobanduliwa ilitoka nayo. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nasikia. Nilikuambia uloweshe kwanza. Ulilowesha. Iliendelea kushika.

Ukaja jikoni. Nilikuwa nafunika mahindi na maharage kwa jani la mgomba. Ulisimama ukitazama nilivyoliinua, jinsi lilivyotoka bila kuvuta hata punje moja.

"Mama, jani halishiki chakula. Kwa nini limshike sokoro?"

"Sokoro si githeri," nikakukemea. "Nenda ukanawe."

Ni jibu baya kuliko yote niliyowahi kukupa. Wala sikulitoa kwa kukosa ujuzi. Nilikuwa nimechoka kufundishwa: asubuhi na mzee, jioni na mtoto. Siku iliyofuata nilisimama chini ya dirisha, nikajikaza, nikaingoja sauti. Haikuja.

"Hujabandua?"

"Nimebandua zamani," ukasema.

"Mbona sijasikia?"

Sokoro akadakia: "Mke wangu, mwambie mama yako leo nimevishwa kama mkungu wa ndizi."

Mlikuwa mmelibabua jani motoni pande zote mbili mpaka likalainika, mkalilaza juu ya jeraha chini ya bendeji, bila ruhusa yangu, na nyama ilikuwa imebaki mahali pake. Nilichofanya mimi ni kuongeza kwamba lioshwe kwa maji yaliyochemka na likatwe jipya kila mara. Nilikiongeza kwa sauti kali, ili ionekane kama wazo langu. Uliniachia, na hata siku moja hukunikumbusha. Ulikuwa mdogo na tayari ulikuwa unanichukulia kama mgonjwa.

Watu walisema, bila shaka. Bosibori jirani yetu, kwenye kituo cha kuuzia chai, kikapu mgongoni, aliniuliza mbele ya wanawake wote: "Ng'ina Kemunto, ni kweli wewe hutibu kwa kupigia ukuta kelele? Na sisi tuje tusimame nje ya zahanati, ututibu ukiwa ndani?" Wakacheka mpaka mzani ukasimama. Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa na hasira, wala si kwa Bosibori. Alikuwa ameona nilichokuwa nakikwepa: kwamba uuguzi wangu wote ulikuwa umesimama nje, na ndani kulikuwa na mtoto.

Jeraha lilipungua. Kama sokoro angetulia lingekuwa limekwisha. Lakini alimpeleka ng'ombe kuogeshwa dawa, akavutwa na kamba mtelemkoni, likapasuka tena. Tukaanza upya. Na katika kuanza upya huko ndiko nilikoanza kuona mambo ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Ulikuwa unanusa vidole vyako kabla ya kula. Mimi nilikuwa nakuambia, "Nawa tena," nikidhani ni usafi. Ulikataa kulala kwa nyanya yako wa Sironga, ukisema hupendi viroboto vya kule. Mama yangu hana viroboto. Na wenzako walipokuja kukuita mchezoni uliwajibu, kwa sauti yangu mimi, "Niko kazini."

Halafu majibu ya mtihani yakaja, na barua ya kuitwa shule. Nilikimbia nayo kutoka barabarani kama msichana. Ulikuwa unamenya ndizi. Uliisoma, ukaipangusa utomvu ulioangukia pembeni, ukanirudishia.

"Siendi."

"Unasema nini?"

"Sokoro atafungwa na nani?"

"Nitatafuta mtu."

"Nani?"

Nikafanya wanachofanya watu wazima wakibanwa. Nilipandisha sauti. "Wewe ni mtoto, Kemunto! Wewe si dawa!"

Uliendelea kumenya. "Wewe ndiye uliyenifanya," ukasema, taratibu, kama unanieleza mahali nilipoacha funguo.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nimepita chumba hadi chumba, nimefua nguo zisizo chafu. Kweli nilitafuta mtu. Nilimleta bibi Kwamboka, wa rika la nyanya yako, ambaye kwa umri wake hakuna haya kati yake na sokoro. Ulikuwapo. Alifika mlangoni na kikapu chake cha majani, sokoro akamtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kilemba.

"Huyu alinikataa nilipokuwa na mapaja ya kutazamwa," akasema. "Leo anakuja kutazama makombo?"

"Nilikukataa kwa sababu ulikuwa na mdomo huo huo," Kwamboka akamjibu, akageuka, akateremka kilima akicheka peke yake. Nawe ulicheka, lakini uliponitazama kicheko kilikuwa kimekwisha. Ukachukua karai. Ulikwisha kujua kuwa hakuna mwingine.

Jana nilikupeleka Sironga ukalale kwa nyanya, umuage. Nilikaa kidogo uani kwa mama yangu kabla ya kurudi. Mimi nilipoondoka uani pale kwenda kusomea uuguzi, hakuna aliyeshika upindo wa nguo yangu. Mama aliniambia, "Nenda, hapa hakuna kitu chako," na miaka mingi niliyachukia maneno hayo. Niliyaona kama mlango uliofungwa usoni. Jana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amenipa kitu ambacho mimi sijakupa. Niliondoka mwepesi. Hakuna mguu wa mtu uliobaki ukiningojea. Sikujua kwamba wepesi ule ulikuwa umeandaliwa na mtu, kwamba mama alikuwa amechukua kazi zangu zote kimya kimya na kuzibeba kabla sijafika mlangoni.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka, na leo asubuhi, ukiwa bado Sironga, nilichemsha maji. Nilikata jani la mshubiri, nikalisimamisha kichwa chini. Nikababua jani la mgomba pande zote. Nikaenda na karai mpaka mahali pangu chini ya dirisha, nikasimama kama kawaida, na ndani hapakuwa na mtu wa kumtuma.

"Tata," nikaita, kama anavyomwita baba yako.

"Ng'ina Kemunto."

"Maji yamepoa kiasi."

"Mtoto amerudi?"

"Hajarudi. Nimekuja mimi."

Nilimsikia ng'ombe akicheua.

"Unajua unachosema?"

"Najua, tata."

"Watasema wewe umekosa adabu na mimi nimekosa akili."

"Watasema."

"Wazee watadai mbuzi wa kututakasa."

"Mbuzi yupo."

"Na mume wako?"

"Nimemwandikia."

"Amejibu nini?"

"Sikungoja jibu."

Kitanda kililia. Nilidhani ananigeukia mgongo. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa karibu na dirisha. "Yule mtoto aliniambia juzi kwamba shule ni ya watu wasio na babu. Nikamcheka. Kisha usingizi ukanikataa." Nikamsikia akipapasa. "Ngoja nitafute kofia yangu."

Sikuelewa kofia ni ya nini. Niliendelea kusimama, maji yanapoa.

"Ingia sasa," akasema. "Nimejifunika uso. Mimi sikuoni, na kama sikukuona, hukuingia."

Niliingia, Kemunto. Tangu niolewe sijawahi kukanyaga chumba kile. Alikuwa amelala chali, ile kofia yake ya kijivu imefunika uso mzima, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayengoja mvua ipite. Mguu alikuwa ameutoa nje ya blanketi yeye mwenyewe, ili nisilazimike kulifunua. Nilikuta fundo lako, upande wa kulia, bapa. Nikalifungua. Jani likatoka bila sauti.

Nikaliona. Baada ya muda wote huu, nikaliona. Ni dogo, limebaki na ukubwa na umbo la jani la chai. Ukingo wake umeanza kuvuta ngozi kuelekea katikati. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu hapakuwa na kitu chochote pale ambacho hukuwa umeniambia.

Kutoka chini ya kofia sokoro akauliza, "Jekundu kama nini?"

"Kama ndani ya mdomo wa Makori akilia, tata."

"Basi hakutudanganya," akasema, nami nikaliosha, nikalifunga.

Uliporudi alasiri ukauliza maji ya sokoro, nikakuambia amesema mpaka kesho asubuhi. Nilikuwa nakuficha. Nilitaka kuandika kwanza. Naye najua hajakuambia huko mnakocheka. Ataona haya kulitaja. Sikuandikii kukuomba ruhusa, wala sikuahidi kwamba nitatafuta mtu. Jambo limekwisha kufanyika. Keshokutwa nitaingia tena, naye atajifunika kofia tena, mpaka siku itakapokuwa hakuna cha kufunga.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako kipya cha kulia, mahali ambapo huwezi kuipita. Isome kabla hujavuka ua. Utakapoingia kwa sokoro alfajiri na karai lako, utakuta bendeji imefungwa, na fundo limeangukia kushoto. Mshike mkono, mtanie, mwambie utamletea mke mwenza kutoka huko. Ila fundo hilo, mwanangu, usilifungue.

Mama